Riwaya Iliyovuka Likoni

Nilizaliwa Ramisi, Msambweni, huko Kwale kwenye pwani ya kusini ya Kenya, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Baba alishinda kiwandani siku za kazi, na Jumapili alisoma masomo kanisani. Vitabu vya nyumbani vilihesabika: Biblia, kitabu cha nyimbo, na *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela kilichokwisha kupoteza jalada.

Kitabu hicho ndicho kilichonitia hamu ya kuandika. Mbotela alikuwa mtoto wa mtu aliyeokolewa utumwani, Mkristo wa Freretown, makao ambayo wamisionari Waanglikana wa CMS waliwaanzishia watumwa walioachwa huru, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, miaka ya 1870. Kengele yao bado ipo, na mahali pale matatu hupaita Kengeleni. Kitabu kilitolewa London na Sheldon Press mwaka 1934, nacho huhesabiwa miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa za Kiswahili. Wakenya wanamjua zaidi mwanawe, marehemu Leonard Mambo Mbotela, kwa ile sauti ya "Je, Huu ni Ungwana?" redioni. Baba mtu, aliyetufungulia njia sisi waandishi Wakristo wa pwani, tumemwacha asahaulike, na hilo linaniuma.

Wahakiki wamemlaumu kwamba aliwasifu mno Waingereza na kuwapaka Waarabu wote rangi moja. Lawama hiyo naikubali. Si mbali na kwetu, Shimoni, liko pango ambalo wazee husimulia kuwa watumwa walifungiwa humo wakingoja majahazi, na habari hiyo haifai kufichwa. Lakini mimi nilikua kati ya Wadigo, karibu wote Waislamu, watu waliotuletea vyakula vya Idi na kuja kula kwetu Krismasi. Nilijua mapema kwamba nikiandika, itanibidi niwaandike kama nilivyowajua.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1988. Wenzetu wengi walirudi bara. Baba akachagua kubaki na kulima. Kisha ukaja mwaka 1997, mwaka wa uchaguzi. Usiku wa 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa na bunduki zikachukuliwa, na waliotafutwa baada ya hapo walikuwa watu wa bara kama sisi. Maelfu walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Sisi hatukufika huko. Jirani yetu, bibi wa Kidigo aliyekuwa amemlea mdogo wangu mgongoni, alituingiza chumbani kwake, akatandika mkeka wake mlangoni na kulala hapo hapo, mpaka njia zilipotulia.

Riwaya yangu ilianzia chumba kile. Niliiandika kwenye madaftari ya shule, nikampelekea mpiga chapa Ukunda sura moja moja kadiri fedha zilivyopatikana. Muswada ulipokamilika nilivuka nao kwa feri hadi posta kuu ya Mombasa, maana nilitaka kuona kwa macho yangu ukipigwa muhuri wa kwenda Nairobi.

Mchapishaji wa vitabu vya dini alijibu kwamba hadithi inapendeza, ila bibi aokoke kabla ya ukurasa wa mwisho. Nilikataa. Bibi alitulinda akiwa Mwislamu, akafa akiwa Mwislamu, na watoto wake wako hai. Amri ya tisa inakataza kumshuhudia jirani uongo, na sioni ni wapi mtunzi wa hadithi ameruhusiwa kuivunja, hata kwa nia ya kuhubiri.

Mchapishaji mwingine, wa vitabu vya shule, aliona sala zimezidi. Huyu nilimwelewa. Wachapishaji wa Kenya wanaishi kwa soko la shule. Riwaya ikiteuliwa kutahiniwa, wanafunzi wa nchi nzima huinunua kwa miaka kadhaa, na isiyoteuliwa hubaki ghalani. Darasani wamo watoto wa kila dini. Hali ikazidi kubana vitabu vilipotozwa VAT ya asilimia 16 kwa sheria ya 2013, na tangu 2018, serikali ilipoanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, maduka ya vitabu ya miji midogo yakapoteza wateja walioyaweka hai.

Kilichonitoa hapo ni simu. Niliunakili muswada upya kwa simu, usiku baada ya usiku, nikamlipa mwalimu mstaafu wa Kiswahili auhariri, nikaomba ISBN kutoka Maktaba ya Taifa, na kiwanda cha chapa Nairobi kikakubali kunitolea nakala mia chache tu. Zamani hakuna aliyewasha mtambo kwa idadi hiyo. Maboksi yalivuka Likoni kwa feri ile ile. Wanunuzi wa kwanza walikuwa wajukuu wa bibi. Kanisani kwangu walinipongeza sana, wakanunua kidogo.

Mimi bado naamini riwaya ni huduma, kwa sababu humkalisha msomaji ndani ya nyumba ya jirani ambayo labda asingeingia. Kijana wa Kinango au Diani anayeandika leo ana milango ambayo sisi hatukuwa nayo: tangu 2014 ipo tuzo ya fasihi ya Kiswahili, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, inayopokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Lakini tuzo huwatuza wachache. Wengine wanahitaji wasomaji. Kwa hiyo nawaomba wachungaji na wazee wa makanisa ya Kwale: tengeni sehemu ya sadaka ya vijana mnunue riwaya za Kiswahili, zetu na za majirani zetu Waislamu, muwaazime washirika wazisome nyumbani.