Vitu Vichache, Nafasi ya Watu



 Wengi katika watu wetu wa mwambao hawaishi tena katika nyumba walizozaliwa. Nyumba ya mawe ya babu ina warithi kumi na zaidi. Huuzwa ili kila mmoja apate haki yake, na kila mmoja huondoka na fungu lake akatafuta pa kukaa. Anachokipata mara nyingi ni fleti ya ghorofani: ukifungua mlango wa mbele umeshaingia sebuleni, sebule hiyo hiyo ndiyo mahali pa kulia, na hatua nne mbele ni jiko, bila ya ukuta kati yao. Mimi na mwenzangu tumo katika nyumba ya namna hii, ghorofa ya tatu, hapa Mombasa. Nataka kuzungumza nawe juu ya namna ya kuipanga, kwani watu hudhani jambo hili ni la mapambo tu, kumbe ndani yake mna haki ya mgeni, mna ibada, na mna heshima ya mwanamke.

Sebule yetu pamoja na jiko ni kama mita 6 kwa 4. Tulipohamia, mwanetu kwa mapenzi yake alituletea seti nzima ya makochi, meza ya kioo na kabati refu la televisheni, vyote kwa mkopo. Mwenzangu naye alikuja na kabati lake la vyombo vya harusi. Vilipokwisha kuingia vyote, mtu hakuweza kupita ila ubavu ubavu. Wanafunzi wangu watano waliozoea kuja baada ya Isha walivumilia siku mbili tatu, kisha wakaanza kutoa udhuru. Mwenye taabu zaidi alikuwa mwenzangu. Mgeni mwanamume akipiga hodi, yeye huacha chungu motoni akakimbilia chumbani, na mchuzi ukaungua. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, wageni wako wanaona mpaka ninavyokoroga." Wanawake wenzake aliokuwa akisoma nao kila Alkhamisi aliacha kuwaalika, kwa kuwa hapakuwa na pa kuwakalisha. Nyumba imejaa vitu, na hapana mtu anayekuja.

Vijana wanatwambia kuwa dawa ni mtindo wa kisasa wa nyumba yenye vitu vichache, kuta nyeupe na sakafu wazi. Ni kweli, lakini nusu. Mmoja wa mabingwa wa mtindo huo alikuwa Ludwig Mies van der Rohe, mjenzi wa Kijerumani aliyehamia Marekani. Mwaka 1951 ilimalizika nyumba aliyomjengea daktari mmoja wa Chicago, Bibi Edith Farnsworth, karibu na mji wa Plano: chumba kimoja kikubwa, kuta zote nne za kioo, na faragha pekee ni sehemu ya choo na bafu iliyozungushiwa mbao katikati. Nyumba hiyo imesifiwa dunia nzima. Mwenyewe lakini alilalamika kwamba hana raha, na kwamba hawezi kuweka hata pipa la taka chini ya karo bila ya kuonekana kutoka njiani. Basi jueni kuwa uwazi usiokuwa na sitara haumpi mtu utulivu.

Wazee wetu walilifahamu hili. Zitazame nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana wake haufiki mita tatu, kwa sababu dari limebebwa na boriti za mikoko na boriti zina urefu wake. Misana ilikuwa wazi kuelekea kiwandani, na pazia likitundikwa pale panapohitajiwa faragha. Vyombo viliwekwa katika zidaka zilizochongwa ukutani, visile nafasi ya sakafu. Mgeni alikaribishwa dakani au tekani, na kila mtu alijua anafika wapi. Ndani palikuwa wazi, na watu wa ndani walikuwa na sitara.

Sisi tumefanya hivi. Kwanza tulitundika pazia nzito, kutoka ukuta hadi ukuta, baina ya jiko na sebule. Likifungwa mwenzangu hupika kwa utulivu, likifunguliwa upepo hupita. Pili, rafu tulizipandisha juu ukutani, mfano wa zidaka, tukaondoa makabati yaliyosimama sakafuni. Tatu, tulitandika jamvi, na matakia yakaegemezwa ukutani. Chakula huletwa katika sinia juu ya mkeka wa kulia, na meza hatuihitaji. Nne, magodoro ya wajukuu hukunjwa asubuhi yakawekwa chumbani. Na kabla ya kununua chochote tunachukua kipimo cha futi, tukauliza: hiki kikiingia, ni watu wangapi watakaokosa pa kukaa au pa kusimama kusali?

Haikuwa kazi nyepesi. Mwenzangu alichagua sahani sita katika vyombo vyake vya harusi, vilivyobaki akampa binti wa nduguye aliyekuwa akiolewa; kabati likatoka, naye akaligeuzia uso dirishani. Mwanetu nilipomwambia makochi yauzwe apunguze deni, alihuzunika. Akasema, "Baba, watu watasema sikuwatunzeni." Nikamjibu, "Mwanangu, watakaosema ndio hao hao waliokosa pa kukaa." Akanyamaza, kisha mwenyewe akashika upande mmoja wa kochi tukaliteremsha.

Ndugu yangu, usidhani udogo wa nyumba ni aibu. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba alikuwa akilala mbele ya Mtume (S.A.W.) naye akisali usiku, na kila anaposujudu humgusa naye akakunja miguu yake, na majumbani siku zile hamkuwa na taa. Chumba hicho ndicho kilichotoa elimu tunayoisoma mpaka leo. Na katika Hadithi aliyoipokea Muslim tumefundishwa kuwa tandiko moja ni la mume, la pili la mke, la tatu la mgeni, na la nne ni la shetani. Zingatia kuwa mgeni ametajwa katika hesabu, ijapokuwa nyumba ni ndogo. Uzuri haukuharamishwa, kilichokatazwa ni israfu na kujifakharisha.

Wala tusisahau adabu ya faragha. Katika Sura An-Nur, aya ya 58, watoto wameamrishwa kuomba ruhusa nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya Isha. Katika fleti ya wazi jambo hili lina uzito zaidi. Wafundisheni wajukuu kwamba pazia ni mlango. Wapige hodi wangoje kujibiwa.

Wanafunzi wangu wamerejea, na sasa ni saba. Alkhamisi mimi hutoka baada ya Alasiri nikenda msikitini, kwani sebule ni ya wanawake. Nirudipo husikia vicheko vyao kutoka ngazini, nami hungoja chini mpaka wamalize. Basi wewe uliye katika nyumba ya namna hii, kabla ya kufikiria rangi na mapambo, hesabu watu unaopenda waingie kwako, uwawekee nafasi yao. Vitakavyobakiwa na pa kukaa baada ya hapo ndivyo unavyovihitaji.

Mwenyezi Mungu atujaalie majumba yenye utulivu, sitara na wageni wema. Amin.