Maneno Matatu ya Herufi H



Wapendwa waamini, katika tafakari ya juma hili tunaomba kuzungumza nanyi juu ya maneno matatu ya Kiingereza, ambayo kwa miaka kadhaa yalitoka katika ofisi ya parokia yetu yakiwa na muhuri chini yake. Maneno hayo ni "honest", "humble" na "hardworking". Yote matatu huanza kwa herufi H, na yote ni vivumishi, yaani maneno yanayotaja sifa ya mtu au kitu. Wengi wenu mnayo majumbani, katika bahasha za kaki pamoja na vyeti vya ubatizo na vya shule, kwani ndiyo tuliyowaandikia watoto wenu walipokwenda kutafuta kazi.

Maneno hayo tuliyapata seminari ndogo, miaka ya 1990. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na desturi ya kutufundisha vivumishi kwa mpangilio wa alfabeti: kila juma herufi moja, na kila Ijumaa mtihani. Juma la H ubao ulijaa: "handsome", "happy", "harsh", "heavy", "helpful", "hollow", "holy", "honest", "hopeful", "humble", "hungry". Hilo la mwisho liliingia kichwani bila jasho, kwa kuwa kipindi kilikaribiana na chakula cha mchana na harufu ya maharage ilikuwa imekwisha kufika darasani. Mengine tuliyakariri. Mtihani ulidai kila neno litungiwe sentensi, nasi tukaandika kwamba John ni "honest" na Peter ni "humble", ilhali darasani hapakuwa na John wala Peter. Tulipata alama zote. Hakuna aliyetuuliza huyo John alifanya nini hata akastahili kuitwa hivyo.

Miaka ikapita, tukapewa parokia. Vijana wakaanza kuja ofisini kuomba barua za utambulisho, na waajiri wengi wakazitaka kwa Kiingereza. Tuliandika barua moja nzuri, tukaihifadhi katika kompyuta, na kila alipofika kijana tulibadilisha jina na tarehe tu. Maneno yetu matatu hayakuguswa. Kazi ya dakika tano, na kijana akaondoka akishukuru. Tulijiona tumetenda tendo la huruma.

Siku moja akaja mama mmoja, mwamini wa parokia ya jirani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ametupa ruhusa ya kusimulia haya bila kumtaja. Baada ya salamu alitoa bahasha katika mkoba wake, akaikunjua barua yetu juu ya meza na kuweka kidole kwenye mstari wa nne.

"Baba Paroko," alisema, "mimi shule yangu iliishia darasa la saba. Naomba unisomee neno hili kwa Kiswahili."

Kidole chake kilikuwa juu ya "honest".

Mama huyo alikuwa amemwajiri kijana wetu kwa sababu ya barua ile. Alimwachia ufunguo wa duka na daftari la mauzo alipokwenda kumuuguza dada yake. Aliporudi alikuta fedha za mauzo ya majuma matatu hazipo. Kijana hakukana, alisema alizichukua na zimekwisha. Mama hakuja kutulaumu wala kutaka tumlipe. Alitaka kujua tu kama alielewa vibaya, maana binti yake alimtafsiria neno lile kuwa "mwaminifu", naye akaamini.

Tulifungua kinywa tupate kujibu, tukashindwa. Kusema kwa Kiswahili, mbele ya mama yule, kwamba "tulishuhudia kuwa kijana huyu ni mwaminifu" kulikuwa kugumu mno, kwa sababu kijana yule hatukumjua. Tulimwona mara mbili baada ya Misa, na mara ya tatu alipokuja kuchukua barua. Uaminifu wake tungeuona wapi?

Wapendwa, tukiri lililotupata katika kimya kile. Kwa kuwa tulisoma Kilatini, tulikumbuka kwamba "honest" limetokana na "honestus", ambalo kwa Warumi lilikuwa na maana ya mtu wa heshima, mwenye kustahiwa na watu; maana ya msema kweli ilikuja kukaa katika Kiingereza baadaye. Wazo likatujia kwamba barua yetu, kwa asili ya neno, haikuwa uongo mtupu, kwani kijana yule ni wa familia inayoheshimika. Tazameni elimu inavyoweza kumsaidia mtu kujificha. Tunamshukuru Mungu kwamba aibu ilituwahi kabla ya ulimi. Tulimwambia: "Mama, binti yako alitafsiri sawa. Sisi ndio tuliandika tusilolijua. Utusamehe."

Tangu siku ile tumejiuliza kwa nini mkono wetu uliandika kwa wepesi neno ambalo ulimi haukuweza kulitamka. Kwanza tulidhani kosa ni la Kiingereza chenyewe. Kivumishi chake hakibadiliki umbo: "honest" ni ileile kwa kijana mmoja, kwa vijana mia, kwa jibu na kwa moyo, mithili ya kofia inayomwenea kila mtu. Kiswahili hutaka kivumishi kimtazame kwanza anayesifiwa, ndipo kijivike kiambishi chake: mtu mwema, watu wema, neno jema, nyumba njema. Lakini hata sisi tunavyo visivyobadilika, na vingine huanza kwa H hiyohiyo: hodari, huru, hai, haba, halali, hafifu. Hivyo basi tusiwasingizie Waingereza. Kosa lilikuwa letu. Lugha ya mtihani ilitupatia pa kusimama mbali na mtu tuliyekuwa tukimshuhudia. Katika lugha tuliyolelewa nayo, neno "mwaminifu" lina sura za watu: bibi aliyetunza fedha za kikundi ndani ya kopo miaka kadhaa bila kupungua hata shilingi, jirani aliyerudisha mbuzi aliyepotea. Neno la kigeni kwetu lilikuwa na alama za mtihani tu.

Hata yale mengine mawili, tulipoyapima hivyo, yalitushitaki. "Humble" latokana na Kilatini "humilis", lenye undugu na "humus", yaani udongo: mtu aliye chini, karibu na ardhi. Kila Jumatano ya Majivu tunawapaka udongo huo usoni, kisha ofisini tukaugawa kama pambo la barua. Nalo "hardworking" kwa Kiswahili tungesema mchapakazi. Wachapakazi watu huwatambua shambani na kwenye ujenzi wa kanisa, na sisi kijana yule hatujapata kumwona ameshika jembe wala mwiko.

Tulizoea kufundisha kwamba amri ya nane, inayokataza kushuhudia uongo, huvunjwa mahakamani au katika masengenyo. Hatukufikiri kwamba yaweza kuvunjwa kwa kusifu. Aliyesingiziwa wizi huumia; aliyeamini sifa ya uongo naye huumia, na fedha za mama yule ni shahidi.

Tumeifuta barua ile katika kompyuta. Sasa kijana anayehitaji utambulisho huja na maelezo ya mwenyekiti wa jumuiya yake: ameonekana akifanya nini, kwa muda gani. Tunaandika kwanza kwa Kiswahili, kisha tunatafsiri. Barua zetu zimekuwa fupi, na baadhi yenu mmenung'unika kwamba hazina uzito kama zile za zamani. Tunawaelewa, kwani ajira ni ngumu, na mzazi anayemhangaikia mwanawe hataki padre mwenye kupima maneno. Hata hivyo tunawasihi mtuvumilie.

Mwezi uliopita kijana yule alirudi. Amepata mahali panapotaka mtu wa stoo, nao wanahitaji barua. Usiku ule hatukulala vizuri. Kumsifu kama mwanzo hatuwezi. Kumwanika makosa yake bila sababu ya haki nako ni dhambi. Asubuhi tulimpigia simu mama mwenye duka. Alifikiri kidogo, akasema: "Andika kwamba ananilipa deni langu kila mwezi, na huu ni mwezi wa tisa hajaruka hata mmoja."

Tukaandika hivyo, pasipo kivumishi hata kimoja. Kijana aliisoma barua akiwa amesimama, akairudia mara ya pili.

"Baba, hukuliweka lile neno."

"Lipi, mwanangu?"

"La mwanzo. Lile la herufi H." Alinyamaza kidogo. "Tena wataniuliza hili deni ni la nini."

"Watakuuliza."

"Nami nitawajibu nini?"

"Hapo, mwanangu, ndipo neno lile litakapoandikwa, na mwandishi utakuwa wewe."

Aliikunja barua, akaitia mfuko wa shati, akatuaga kwa adabu. Kama aliifikisha kwa waajiri wale au aliichana njiani, hatujui, hajarudi kutuambia. Tunaomba mumkumbuke katika sala zenu za juma hili, na mama mwenye duka pia, pasipo kutafuta kujua ni akina nani.

Dominika njema.

Wenu katika Kristo,
Paroko