Siku Ishirini na Tatu katika Karakana ya Bunia

Niliingia Bunia mwezi wa Mei nikivutwa kwa mnyororo. Motakaa ya misheni yetu, Land Rover ya petroli ya aina ya Series III, ilikuwa imefungwa nyuma ya lori la mihogo, nami nimeshika usukani kama nahodha wa chombo kisicho na tanga, nikila vumbi jekundu la lori tangu Irumu. Watoto wa njiani walicheka sana. Mimi sikucheka, kwa maana ilikuwa imebaki miezi miwili kasoro wanafunzi wetu wa darasa la mwisho wapelekwe kwenye mtihani wa Taifa, na gari hilo ndilo miguu yao. Tena ndilo linalowachukua akina mama wenye uchungu usiku.

Habari za Bunia zilizosikika duniani kote ni habari za vita. Msomaji atakumbuka mwaka 2003, askari wa Ulaya walipotumwa kuutuliza mji. Lakini ukipita leo katika Boulevard de la Libération utaona maduka, pikipiki zisizo na hesabu, na malori yanayopakia kwenda Mahagi na Komanda. Na nyuma ya kuta za mabati utasikia nyundo. Huku ndiko nilikopelekwa.

Mji umekaa juu ya nyanda za mita 1,275 hivi. Upande wa mashariki nchi huporomoka mpaka Ziwa Albert, ambalo uso wake uko kwenye mita 619 tu. Gari litokalo Kasenyi na mzigo wa samaki hupanda ukuta huo kwa gia ndogo, injini ikilia. Hesabu mwenyewe, msomaji, ni mara ngapi gari letu limepanda hivyo kwa miaka zaidi ya arobaini.

Fundi wetu ni mzee aliyefundishwa kazi na baba yake, na baba alijifunza katika karakana za migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Nilimwambia moja kwa moja, "Baba, tunataka ringi mpya za pistoni, basi. Fedha zetu ni kidogo." Maana gari lilikuwa likitoa moshi wa buluu na kunywa oili kama ng'ombe anywavyo maji, na mwaka uliotangulia, katika karakana moja ambayo sitaitaja, tuliwekewa ringi mpya na moshi ukakoma. Ukakoma kwa miezi minne.

Mzee hakunijibu. Alipima kwanza nguvu ya mgandamizo katika silinda zote nne. Mbili zilikuwa dhaifu mno. Akatia oili kijiko kimoja katika kila silinda dhaifu, akapima tena, na kipimo kikapanda. "Valvu zingekuwa ndizo mbovu," akasema, "oili hii isingesaidia kitu. Ubovu uko chini, kwenye ringi au kwenye silinda yenyewe. Tufungue."

Siku mbili walifungua. Kila msumari wa parafujo ulitiwa katika kopo lake, na kila kopo likaandikwa kwa chaki. Vijiti vya kusukuma valvu vilichomekwa katika ubao wenye matundu, kila kimoja mahali pake, kwa sababu chuma kilichozoeana na mwenzake hakipendi kubadilishiwa jirani. Kichwa kilipoondolewa, mzee aliniita.

"Mwalimu, lete ukucha wako."

Nikaupitisha ukucha ndani ya silinda ya tatu, kutoka chini kwenda juu. Karibu na mdomo ukanaswa. Palikuwa na kizingiti. Juu ya hapo ringi haifiki, kwa hiyo chuma kilikuwa bado kizima. Chini yake kilikuwa kimelika. Silinda mpya ya injini ile ina upana wa milimita 90.47. Mzee alipima yetu kwa kipimo chake cha mikromita: juu ilikuwa imepanuka kwa zaidi ya robo milimita, na chini karibu haikuguswa. Umbo lake lilikuwa kama la faneli. Ringi mpya katika silinda ya namna hiyo hulazimika kutanuka na kubanwa kila pistoni ipandapo na kushuka, mara maelfu kwa dakika, yawezaje kuziba? Nikaelewa zile fedha za mwaka uliopita zilikwenda wapi. Wala aliyetushauri hivyo hakuwa fundi peke yake. Mimi, mtunza hazina, ndiye niliyechagua bei ya chini.

Na chanzo? Mzee alikipata bila kutumia kipimo chochote. Bomba la mpira litokalo kwenye chujio la hewa kwenda kwenye kabureta lilikuwa limepasuka upande wa chini, mahali pasipoonekana. Chujio la gari lile lina bakuli la oili inayonasa vumbi, nasi tulikuwa tukilisafisha kwa uaminifu kila juma. Kumbe hewa ilikuwa ikipita mlango wa nyuma. Vumbi la Ituri likiingia katika oili huwa msasa.

Basi hapakuwa na budi silinda zichongwe upya, zitiwe pistoni kubwa zaidi kwa nusu milimita, na mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni usagwe, kwa maana shingo zake zilikuwa zimekwisha kuwa na umbo la yai. Mzee hana mashine hizo. Bloku, ambayo ni chuma cha kuvaliwa na wanaume wawili, ilifungwa katika magunia pamoja na mhimili, ikapakiwa kwenye lori la kwenda Kampala kwa njia ya Mahagi, Goli na Pakwach, akifuatana nayo kijana wa mzee aliyeyajua maduka ya vipuri ya soko la Kisekka.

Njia ya Djugu imekuwa ya hofu miaka hii. Siku kumi na moja nilikuwa nikienda kila asubuhi kwenye kituo cha malori kuuliza kama njia imefunguka, nikimwaza zaidi yule kijana kuliko kile chuma. Sikupata kulala vema. Siku ya kumi na mbili alirudi, mwekundu kwa vumbi toka utosini, akaomba chai kabla ya salamu.

Kuunganisha kulikwenda polepole kupita kufungua. Kila ringi iliingizwa kwanza peke yake katika silinda yake na uwazi wa ncha zake ukapimwa. Maboliti ya kichwa yalikazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa mizunguko mitatu, ili kichwa kisipinde. Nilitumwa kuosha vyombo kwa petroli, kazi ya mtoto, nikaifanya kwa furaha.

Jioni ya siku ya ishirini na tatu tulizungusha injini kwa mkono bila plagi mpaka oili ilipofika kote. Kisha plagi zikatiwa, na waya zake zikafuata mpango wa moja, tatu, nne, mbili. Ilikohoa mara mbili, ikawaka. Mzee aliweka kitambaa cheupe nyuma ya bomba la moshi, akakitazama, akakikunja bila neno. Kisha akaniagiza: kilomita 800 za kwanza pasiwe na mwendo wa kasi wala mzigo mzito, halafu oili imwagwe yote. Na bomba la mpira likaguliwe kwa vidole, si kwa macho.

Wanafunzi tuliwapeleka kwa safari mbili, ili gari lisilemewe. Deni la mzee lililobaki tulilimaliza mwezi wa Septemba, nusu kwa fedha na nusu kwa maharagwe.