Kompyuta ya Ofisi Ingoje Kusi

Malindi, Novemba 2025

Mwanangu,

Mguu wangu ndio ule ule, na mkwezi bado hajatokea, kwa hivyo nazi zinaanguka zenyewe na kila mtu apita chini ya minazi mbio. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nikasikia pale uliposema, "Ijumaa jioni naifuta Windows, Jumatatu wazee wanakuta Ubuntu," nikaona heri niandike, maana kwenye simu huniachi nikamaliza.

Nianze tunapokubaliana, usije ukasema mjomba amezeeka sasa aogopa vitu vipya. Kuhama Windows kwenda Linux, kama hiyo Ubuntu, ni sawa. Windows 10 ilikatiwa matengenezo tarehe 14 Oktoba, na mashine ya ofisi yenu, ule mtumba mlioletewa na wafadhili, haiwezi kupanda Windows 11. Haina kile kijichipu cha usalama kinachodaiwa, TPM 2.0, na prosesa yake ni ya Intel kizazi cha nne, ilhali wenyewe wanaanzia cha nane. Kununua mpya, BMU yenu, hicho kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, haina pesa, na hata ingekuwa nazo ningewaambia wanunue kwanza jokofu la barafu. Kutupa mashine yenye skrini nzima na kibodi nzima kwa sababu kampuni ya Marekani imeichoka ni israfu tupu.

Ninalogomba nawe ni hiyo Ijumaa.

Kompyuta ile wewe waitumia, lakini si yako. Tangu kanuni za BMU za 2007, wavuvi wamekuwa wakiandikwa: nani mwanachama, chombo chake mtumbwi au mashua, atumia jarife, malema au mshipi, na kila siku ameshusha kilo ngapi za tafi, za pono, za changu. Michango yao imo humo, namba za vitambulisho, namba za simu, na taarifa za M-Pesa ulizozihifadhi mwezi baada ya mwezi. Wenzetu wa Lamu walipokwenda mahakamani juu ya bandari mpya, Mahakama Kuu mwaka 2018 iliwaamuria fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Siku kama ile ikifika kwenu, mzee asiyejua kusoma atasimama mlangoni kwako kuuliza kama jina lake limo na kama samaki wake waliandikwa. Hatakuuliza ni Windows ama ni Linux.

Sasa nikwambie kitu ambacho mamako anakijua na wewe ulikilalia.

Mwaka 2008 nilikuwa nikishika hesabu za ofisi moja hapa mjini, siitaji, mwenyewe yu hai na tunasali msikiti mmoja. Intaneti wakati huo ilikuwa ya kudondoka. Nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilikuwa hazijafika Mombasa, zilifika mwaka uliofuata, na kushusha faili la megabaiti mia saba kulikuwa jambo la kusimulia. Lakini watu wa Ubuntu walikuwa wakituma CD bure kwa posta, dunia nzima. Wajaza fomu, wasahau, halafu siku moja wafungua sanduku la posta na kuna bahasha. Mimi ilinijia 8.04, toleo la Aprili mwaka ule. Niliibeba nyumbani kama mtu aliyeandikiwa na mfalme. Na jina lenyewe lilinivuta: Ubuntu, neno la kusini, ndugu wa utu wetu.

Nilijua lazima kuweka akiba, sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilinakili kila kitu kutoka C kwenda D. D niliidhani ni diski nyingine. Kumbe ilikuwa diski ile ile moja, imegawanywa kama chumba kilichotiwa pazia. Programu ya kusakinisha ikaniuliza kama itumie diski nzima. Nzima! Nikaona ndivyo, nitumie nusu kwa nini? Nikabonyeza, nikaenda kunywa kahawa. Niliporudi, skrini ilikuwa ya rangi ya kahawia na picha ya korongo mzuri sana, kwa kuwa toleo lile walilipa jina la korongo. Nilimtazama yule ndege nikiwa na furaha kwa dakika kama kumi, mpaka nilipotaka kufungua hesabu za miaka mitatu.

Tulizirudisha kutoka vitabu vya risiti. Mamako alikuwa akija baada ya isha, ananisomea namba, nami nachapa, na wewe, uliyekuwa darasa la pili, umelala mkekani chini ya meza. Karatasi za kaboni zilikuwa zimefifia, tatu ukiitazama yafanana na nane, na kitabu kimoja mchwa walikuwa wamekula pembe yote ya jumla. Mpaka leo zipo tarakimu katika hesabu zile ambazo tulizikubali kwa kuangaliana tu. Tajiri hakunifukuza. Alinyamaza, na nilitamani anifukuze.

Kwa hivyo, kabla ya Ubuntu, kabla ya chochote, nunua diski mpya. SSD ndogo yatosha, na mashine kuukuu ikivuliwa diski ya kuzunguka ikatiwa SSD huwaka upesi hata wenyewe mkashangaa. Zima, chomoa umeme, fungua mgongo wa mashine (vaa kitambaa puani, hewa ya pwani huacha humo vumbi lenye chumvi kama unga wa muhogo), toa diski ya kale, usiifute, usiiguse. Ifunge kwa kitambaa kikavu, itie bahasha, andika tarehe kwa kalamu, iende kwenye kabati la mweka hazina. Mfumo mpya uingie kwenye diski mpya. Ukiharibikiwa, bisibisi na robo saa, mmerudi mlipokuwa. Nakala nyingine ya mafaili uitie kwenye fleshi au diski ya nje, na hiyo ikalale nyumba nyingine, si ofisini. Kabla hujafunga bahasha, fungua mafaili matatu ya nakala hiyo kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni dhana yako tu.

Sasa wakati. Wewe ni mtoto wa pwani, sina haja ya kukufundisha kwamba chombo hakipandishwi mchangani siku yoyote mtu aliyoamka na hamu. Hungoja bamvua, maji yakajaa hadi juu, kikapandishwa, maji yakarudi, kikabaki kimeegemea magadi. Hapo ndipo mafundi hukwangua, hukalafati, hutia deheni, na hawaharakishwi na mtu, kwa sababu wameshajua maji makubwa mengine yaja lini. Na wenye akili hulifanya hilo wakati wa kusi, bahari ikiwa chafu na hakuna anayekidai chombo. Wewe wataka kupandisha chombo cha watu mwanzo wa kaskazi, samaki ndio wanaanza kushuka kwa wingi, mahoteli ya Watamu na Malindi yajitayarisha kwa wageni wa Desemba, na hesabu za mwaka zataka kufungwa. Mkutano wa wanachama ni Jumamosi ya pili, umesema mwenyewe.

Ngoja Aprili. Mvua za masika, kusi limeanza, daftari nyepesi. Najua utaniambia habari ya usalama, na una haki, mashine isiyotengenezwa ni mlango usiokuwa na komeo. Ipo nyongeza ya kulipia ya matengenezo ya usalama ya Windows 10, inayowavusha hadi Oktoba 2026. Mwambie mwenyekiti. Na wakati huo kompyuta isitumike kufungulia kila kitu kinacholetwa na fleshi za vijana wa bandarini. Hilo hata bila Windows kuzeeka lilikuwa haramu.

Miezi hii usikae bure. Ubuntu na Linux Mint zote huwaka kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski. Chagua neno la kujaribu, si la kusakinisha, na uitumie Jumapili moja kama siku ya kazi kamili. Chapisha. Printa nyingi za HP hutambuliwa zenyewe, nyingine zina ubishi wa punda, na ubishi huo uujue Jumapili, si asubuhi ambayo afisa wa uvuvi wa kaunti amesimama juu yako. Fungua lile jedwali la kugawa mapato alilowatengenezea yule kijana aliyekwenda Doha. Nakuonya, lina makro za Excel, na LibreOffice, inayoshika nafasi ya Excel humo, huzipokea baadhi na baadhi huzikataa kimyakimya. Usiridhike kuona limefunguka. Chukua mwezi mmoja ambao majibu unayo kwenye karatasi, ingiza namba zile zile, ulinganishe hadi senti. Fomu za kodi za iTax za kujazia nje ya mtandao zimekuwa zikitolewa kwa sura mbili, Excel na ODS, na hii ya pili ndiyo ya LibreOffice, basi ijaribu nayo. Barua zenu nazo zimeandikwa kwa Calibri. Kuna herufi ziitwazo Carlito zilizochongwa kwa vipimo vile vile ili mistari isihame, hakikisha zimo. Barua ya kwenda kaunti ipeleke kwa PDF, utalala usingizi.

Kuhusu toleo, hiyo 25.10 uliyoishusha ni mpya kweli, ya mwezi uliopita, na umri wake wa kutunzwa ni miezi tisa. Itakufia Julai. Ofisi hutaka toleo la muda mrefu: 24.04, yaani ya mwezi wa nne wa 2024, yatunzwa hadi 2029. Watu wa Ubuntu wakifuata ada yao, Aprili litatoka toleo jingine la namna hiyo, na wewe kwa ninavyokujua utalikimbilia siku hiyo hiyo. Waache wengine walionje miezi miwili mitatu. Mimi kwa mashine ya RAM ya gigabaiti nne ningetia Mint yenye sura ya Xfce, imejengwa juu ya 24.04 hiyo hiyo na ni nyepesi, tena menyu yake iko chini kushoto pale mweka hazina wenu alikozoea kuitafuta. Lakini hilo ni la ladha, sitakulazimisha.

Mweka hazina mwenyewe ndiye niliyemfikiria zaidi. Mzee yule hasomi skrini, anaijua kwa kidole. Mimi niliyaona hayo kwangu mwenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 wakatoa OpenOffice ya Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Nilipoipata nilijivuna, nikaitia ofisini, na mtu wa kwanza kupotea nilikuwa mimi! Miaka yote nilikuwa sijasoma neno hata moja kwenye menyu, nilikuwa nabonyeza mahali. Niliposomewa kwa lugha ya mama nikawa kipofu wiki nzima. Basi mketishe mzee siku tatu kabla, kila siku nusu saa, afungue faili lake, aongeze mstari, ahifadhi, achapishe. Wewe mikono yako iwe mapajani. Ukishika kipanya kumsaidia umemnyima.

Na nywila. Ukifunga diski kwa ufunguo wa siri, jambo ambalo nakuunga mkono kwa sababu ya vitambulisho vya watu na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, neno hilo lisikae kichwani mwako peke yako. Waolewa mwakani, inshallah, na sijasikia bwana harusi akisema atahamia huko kwenu Kilifi. Liandike, litie bahasha, igundishwe, wasaini mwenyekiti na katibu juu ya gundi, likae mbali na ile diski ya kale.

Haya. Kikapu hiki nimekitia gari la asubuhi, dereva ni yule yule wa siku zote, mlipe mia tu, akitaka mia mbili mwambie nitaonana naye. Maembe ni ngowe kutoka shamba la mamangu mdogo, mengine hayajaiva, yafunike kwa gunia. Chini kabisa, ndani ya soksi, kuna fleshi mbili. Nyekundu ni Mint, nimeijaribu kwenye laptopu yangu, inawaka. Ya buluu ni tupu, ni ya nakala. Soksi ni safi.

Mjomba wako