Mwalimu Anafuata Nini Kwenye Mawe?

Boom likitoka kila mtu ana hesabu zake. Yangu msimu huu ni nauli ya kwenda kwenye kongamano la jiobaiolojia la wanafunzi na watafiti chipukizi wa Afrika Mashariki. Nyumbani Kwa Mathias hawajanielewa. Kaka yangu kaniuliza, "Dogo, wewe si unasomea ualimu? Unafuata nini kwa watu wa mawe?"

Hata hapa chuoni wapo wanaojiuliza hivyo kimoyomoyo, basi nijibu.

Jiobaiolojia inachunguza jinsi viumbe na dunia vinavyobadilishana. Sisi tuliopita CBG tulisoma viumbe kwenye Biolojia na miamba kwenye Jiografia, kila kimoja na daftari lake. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, binti wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, wanajuaje joto la bahari ya zamani wakati hakukuwa na mtu wa kupima?"

Jibu moja liko Kilwa na Lindi, kusini kwenye mwambao wetu huuhuu. Kwenye udongo wa mfinyanzi wa huko kuna magamba ya foraminifera, viumbe wadogo wa baharini walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Udongo ule haupitishi maji kirahisi, kwa hiyo magamba hayakuharibika. Ndani ya gamba kuna oksijeni nyepesi na nzito. Maji yakiwa baridi, nzito huingia kwa wingi zaidi. Ukipima uwiano wake, unakadiria joto. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake, akiwemo Mtanzania Joyce Singano, walionyesha kwa njia hiyo kwamba bahari za tropiki zilikuwa na joto kuliko ilivyodhaniwa.

Vijana kukutana kwa ajili ya mambo haya si jambo geni kwetu. Mwaka 1998 Mradi wa Nyanza ulianza Kigoma, ukiongozwa na Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona. Wanafunzi wa Marekani na wa Afrika walifanya utafiti pamoja Ziwa Tanganyika. Chini kabisa ya ziwa hilo hakuna oksijeni, hivyo hakuna wanyama wa kuvuruga matope. Tabaka hulala juu ya tabaka kama kurasa, na hali ya hewa ya kale husomeka humo.

Mtafiti akigundua jambo, huandika makala inayosomwa na wenzake. Mwalimu akilielewa, huingia nalo darasani mwaka baada ya mwaka. Tukibaki nje ya makongamano haya, yule binti atasubiri kitabu kipya, na huenda kikaja ameshamaliza shule.

Ndiyo, nitakula maharage wiki mbili. Ila ninachoomba kwa serikali ya wanafunzi ni hiki: mialiko ya namna hii ikifika, msiibandike kwenye ubao wa kitivo cha sayansi tu. Leteni na kwetu Elimu.