Shujaa wa Gizani Hakosei, Sisi Je?

Mpenzi msomaji, ikiwa unapenda hadithi za upelelezi na hujakutana na The Shadow, yaani Kivuli, basi mtafute. Hadithi yake ya kwanza, The Living Shadow, ilitoka Marekani mwaka wa 1931, wakati watu wengi huko walikuwa hawana kazi. Mwandishi, Walter B. Gibson, alikuwa pia hodari wa mazingaombwe, na alijificha nyuma ya jina la Maxwell Grant. Kati ya hadithi 325 za Kivuli zilizochapishwa hadi 1949, yeye peke yake aliandika 282!

Ukianza kuisoma, chakula kitapoa mezani. Usiku wa ukungu jijini New York, kijana Harry Vincent anataka kujitupa kutoka darajani. Ghafla mkono unamdaka. Mtu asiyeonekana uso anamwambia kwamba kuanzia sasa maisha yake si yake tena. Kazi yake ni kutii. Hivyo Vincent anakuwa mmoja wa wasaidizi wa Kivuli, bwana wa joho jeusi, kofia pana na bastola mbili, ambaye kicheko chake hutetemesha majambazi.

Nami hufurahi Kivuli anapowamaliza wahalifu bila kungoja hakimu. Aliyewahi kuporwa pochi ndani ya matatu anaijua hasira hiyo.

Lakini mtaani kwetu niliwahi kuona kijana akiburutwa na umati, ati ameiba simu. Tairi lilikuwa tayari limeletwa. Mama mmoja muuza mboga aliyemfahamu alijitupa juu yake akipiga mayowe hadi polisi wakafika. Jioni ile ile simu ilipatikana chini ya kiti cha matatu. Kila mtu katika umati ule alijiona shujaa.

Tofauti ni hii: Kivuli hakosei kwa sababu Gibson ndiye aliyechagua nani awe mwovu. Mtaani hakuna Gibson. Kuna uvumi, hasira na mawe, na ndiyo sababu tunahitaji ushahidi na mahakama, hata zikichelewa.

Kwa hivyo msomaji, mpe mwanao hadithi hizi azifurahie. Akimaliza, muulize swali moja tu: siku Kivuli akimpiga risasi asiye na hatia, nani atajua?