Kambi ya Wachina Karibu na Mto Somme

Msafiri aondokaye Paris kwa gari la moshi kuelekea kaskazini, njia ya Boulogne, hupita mji wa Abbeville, na baada ya kitambo kidogo hufika kituo cha Noyelles-sur-Mer. Ni kijiji kidogo, karibu na mahali ambapo mto Somme humwaga maji yake baharini. Maji yakipwa huacha uwanda mkubwa wa mchanga na majani ya chumvi, na kondoo hulishwa hapo. Nyama yao husifiwa sana na Wafaransa. Mgeni asiyeambiwa hawezi kudhani kwamba watu wa Asia waliwahi kukaa mahali hapa kwa maelfu. Lakini akienda hadi kitongoji cha Nolette, atakuta katikati ya mashamba lango la mawe lenye umbo la Kichina, na nyuma yake makaburi zaidi ya 830 yaliyopangwa safu kwa safu.

Habari ya makaburi hayo yaanza mwaka 1916. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekula vijana wengi mno wa Uingereza na Ufaransa, hata hawakupatikana watu wa kutosha wa kupakua meli, kutengeneza reli na kuchimba mahandaki. Serikali hizo mbili zikatafuta wafanya kazi katika Uchina. Waingereza waliandika watu wapatao 95,000, na Wafaransa karibu 40,000. Wengi wao walikuwa wakulima wa jimbo la Shandong. Meli ya kwanza ya watu walioandikwa na Waingereza iling'oa nanga Weihaiwei mwezi wa Januari 1917. Wengi waliofuata walivuka bahari ya Pasifiki mpaka Kanada, wakapitishwa nchi hiyo kwa gari la moshi chini ya ulinzi, kisha wakapanda meli tena kuvuka Atlantiki.

Kila mtu alipoandikwa alichukuliwa alama za vidole, akafungwa mkononi bangili yenye nambari yake, iliyokazwa ili isivuliwe. Msomaji wa Kenya aliyewasikia wazee wakisimulia habari za kipande, kilichovaliwa shingoni baada ya vita hiyo hiyo, ataelewa upesi maana ya bangili hiyo.

Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, na kazi saa kumi kwa siku. Kibarua wa kawaida alilipwa faranga 1 kwa siku huko Ufaransa, na jamaa zake nyumbani walilipwa dola 10 za fedha kila mwezi. Mpango huo wa kugawa ujira ulikuwa na hekima, kwa kuwa mke na wazazi hawakulazimika kungoja mpaka aliye mbali awakumbuke. Faranga ile moja ndiyo iliyobaki mkononi mwa mtu mwenyewe, na kwa faranga hiyo biashara ya kambini iliishi.

Noyelles palikuwa ndipo makao makuu ya Wachina waliotumikia jeshi la Uingereza. Hapo palijengwa pia hospitali kubwa yao, yenye madaktari waliojua lugha ya Kichina. Kambi zilizungushiwa seng'enge. Wakuu wa jeshi hawakupenda wafanya kazi hao wachanganyike na wanakijiji, na nyumba za kuuzia pombe zilikatazwa kwao. Hata hivyo, watu wakiwa na fedha upande mmoja wa ua, na bidhaa ziko upande wa pili, njia ya kukutana haikosekani. Mafundi miongoni mwa Wachina waliokota maganda ya shaba ya mizinga iliyokwisha kupigwa, wakayachora majoka na maua kwa nyundo na msumari, wakawauzia askari na wenyeji wa nchi kuwa vyombo vya kutilia maua. Vyombo vingi vya namna hiyo vimehifadhiwa mpaka leo katika majumba ya makumbusho na nyumba za watu wa Ulaya. Askari aliyenunua pengine hakumjua fundi wake ila kwa nambari. Lakini fundi alikuwa ametia katika shaba hiyo mambo ya kwao, ambayo hakuna mkataba uliomtaka ayatie.

Kulikuwa na njia nyingine ya fedha kupita mkono kwa mkono, nayo haikuwa na faida hiyo. Kamari ilienea sana kambini, na wakuu wakaona shida kuizuia. Mtu aliyefanya kazi mwezi mzima katika matope na baridi aliweza kupoteza ujira wake wote katika jioni moja, kabla taa haijazimwa.

Mwaka 1918 alifika Boulogne kijana Mchina jina lake Yan Yangchu, aliyekuwa amehitimu Chuo Kikuu cha Yale katika Marekani. Alitumwa na chama cha Y.M.C.A. kuwahudumia wafanya kazi. Jioni walimjia wakitaka jambo moja zaidi ya yote, yaani kuandikiwa barua za kupeleka nyumbani. Barua zilipomzidi, aliamua kuwafundisha waandike wenyewe. Mwezi wa Januari 1919 akaanzisha gazeti la kila juma kwa Kichina chepesi. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipata barua ya kibarua mmoja, aliyesema kuwa tangu gazeti litoke ameanza kujua mambo ya ulimwengu. Lakini kwa kuwa bei yake ni ndogo mno, aliogopa lisije likafungwa. Kwa hiyo alikuwa ametia ndani ya barua faranga 365, akiba yake yote ya miaka mitatu. Kwa kibarua wa kawaida, fedha hizo zilikuwa ujira wa siku 365. Yan aliporudi kwao alitumia umri wake kuwafundisha wakulima kusoma.

Vita ilikoma Novemba 1918, lakini kazi ya Wachina haikukoma. Walibaki mpaka 1920 wakizika maiti, wakifukia mahandaki, wakikusanya seng'enge na mabomu yasiyolipuka. Wengine waliuawa na mabomu hayo, na wengi walikufa kwa homa kubwa iliyoenea duniani mwaka 1918. Kwa hesabu ya serikali, waliokufa wapata 2,000. Tena katika mkutano wa amani wa Paris, mwaka 1919, haki walizokuwa nazo Wajerumani katika Shandong hazikurudishwa kwa Uchina, bali walipewa Wajapani. Kwa hiyo mtu wa Shandong aliyekuwa akiwasafishia Wafaransa mashamba yao alikuwa na sababu ya kuuliza nani atakuwa bwana wa nchi ya kwao.

Katika Nolette mawe ya makaburi yana maandishi ya Kichina, na nambari ile ile iliyokuwa kwenye bangili. Mwezi wa Aprili, wakati Wachina wanapowakumbuka wafu wao, wageni huja hapo na maua.

Miaka ile ile, Waingereza waliwachukua wapagazi wa Afrika ya Mashariki kwa mamia ya maelfu kupigana na Wajerumani. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na vinywa vya watu vikaligeuza jina hilo. Mahali pa kambi zao pakaitwa Kariokor katika Nairobi na Kariakoo katika Dar es Salaam, na pote pawili leo ni masoko makubwa. Mwuzaji wa viondo huko Nairobi hulitaja jina la kikosi hicho kila siku. Lakini wapagazi wengi waliokufa hawana jiwe wala jina lililoandikwa, na mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa jambo hilo.

Wachina wa Nolette waliandikwa juu ya mawe. Jamaa ambao babu yao alikwenda na Kariakoo asirudi wangefanya vema kuandika jina lake na kijiji alikotoka, maadamu wangali wako wazee walioisikia habari yake.